Nimeachiwa detekta ya metali. Niipeleke wapi nipate sarafu za kale?

Wa_Ngara

Wakuu, salaam. Mjomba wangu amerudi nyumbani kwa jumla baada ya kuishi Leicester tangu ujana wake, na ndani ya mizigo yake kulikuwa na detekta ya metali, Garrett Ace, ile ya manjano na nyeusi. Magoti yamemkataa, kuinama hawezi tena, basi amenikabidhi mimi. Kule walikuwa na chama chao. Wanapatana na mwenye shamba, wanangoja ngano ivunwe, halafu Jumapili nzima wanatembea juu ya mabua wakisikiliza. Ana vipande vya fedha vya enzi za Elizabeth wa Kwanza, vyembamba kama ukucha, na hadithi za wenzake waliotangaza walichopata kwa serikali wakalipwa.

Nimeanza kuijaribu nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Ngara, zile za mawe za zamani. Karaha tupu! Vizibo vya soda, misumari ya mabati, waya, karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Halafu karibu na mzizi wa mjakaranda ikatoa sauti nyembamba, safi, isiyoyumba hata nikiisogelea kutoka upande mwingine. Nikachimba kwa kisu cha jikoni (mke wangu asisome hapa) kina cha kiganja hivi, kikatoka kitu cha mviringo kilichoshikamana na udongo. Nilipokisukuma kwa kijiti, tundu likafunguka katikati. Senti kumi. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu na mwaka 1936, upande wa pili taji na jina la mfalme: EDWARDVS VIII. Usingizi umekuwa wa taabu tangu siku hiyo.

Sasa naomba msaada wenu. Hapa Nairobi ni wapi kuna historia ya kutosha? Nimefikiria kando ya reli, maana mji wote ulianzia hapo. Pili, Desemba nina harusi Malindi, na kutoka hapo hadi Gede ni pua na mdomo. Nikifika alfajiri kabla ya watalii, kuna wa kunizuia? Nimesikia hata sarafu ya Kichina ilipatikana huko pwani. Halafu mashine yenyewe: nikiipeleka kwa shosho Kabete, kwenye udongo mwekundu, inalia hata pasipo na kitu. Imeharibika?

Mzito_Kayole

Edward wa Nane hakumaliza hata mwaka kwenye kiti, akaachia ngazi kwa sababu ya mwanamke. Sarafu zake ni adimu sana. Kuna jamaa anawanunulia watu wa Dubai, anatoa milioni. Usikubali chini ya hapo. Na yeyote mwenye ile ya Kibaki ya shilingi 40 anitafute.

Fundi_Luthuli

Mashine ni nzima. Kinachokusumbua ni udongo.

Ndani ya hiyo sahani kuna koili mbili. Moja inatuma usumaku chini, na ukikutana na metali, metali inaamka na umeme mdogo wake yenyewe, kisha koili ya pili inasikiliza jibu. Sasa udongo wa Kabete, Kikuyu, Limuru ni wa volkano na umejaa chuma. Nao unajibu. Mashine ghali ina kitufe cha kuisawazisha na udongo wa mahali ulipo, lakini hizo Ace za manjano zilisawazishwa kiwandani na basi. Unachoweza kufanya ni kupunguza ukali wa kusikia hatua moja au mbili, kuinua koili kidogo kutoka ardhini na kuitembeza polepole. Utapoteza kina, lakini itaacha kubweka. Sarafu ya kawaida usitarajie kuisikia zaidi ya sentimita 15 hadi 20, hata mahali penye udongo mtulivu.

Ukihamia Embakasi au Athi River, kwenye ule udongo mweusi, shida ni nyingine. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Kitu kidogo kinadumbukia humo, mvua inanyesha, udongo unavimba na kujifunga. Kitu cha juzi unakikuta chini ya cha zamani. Usimwamini mtu anayekuambia umri wa kitu kwa kina chake upande huo.

Halafu sauti ya juu si lazima iwe fedha. Kopo la soda la alumini likikanyagwa linalia tamu kuliko rupia.

Neno la mwisho, kwa wengine wanaosoma hapa na wana hamu: ukiletewa fimbo mbili na kiboksi, ukaambiwa ni mashine ya masafa marefu inayonusa dhahabu nusu kilomita, hifadhi pesa zako. Mteja aliniletea moja nimtengenezee, nikaifungua hapa mezani. Ndani kulikuwa na saketi ya kuwasha na kuzima taa nyekundu, betri, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Hakuna koili. Nilimwuliza alilipa ngapi, akanyamaza.

Bi_Sarafu_Pangani

Mwanangu wa Ngara, hongera kwa kuibua kitu kwa kisu cha jikoni bila kukikwaruza. Niruhusu niseme kirefu kidogo, mambo haya ndiyo yaliyonizeesha.

Nianze na Mzito, maana maneno kama yake yanawatia watu wazimu. Ni kweli Edward wa Nane aliingia Januari 1936 na kuondoka Desemba mwaka huohuo. Uingereza hawakuwahi kuzitoa sarafu za kichwa chake zizunguke kwa watu. Lakini sarafu zetu za senti tano na kumi zilikuwa na tundu, na penye tundu hapana kichwa cha mfalme. Waliochonga hawakungoja picha. Walibadilisha jina tu wakaendelea na kazi. Kwa hiyo zilipigwa nyingi, zikaja, zikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na hadi leo ni za kawaida kabisa. Tazama chini ya sarafu yako kama ina H au KN: hizo ni alama za viwanda vya Birmingham, na wakusanyaji hutazama hapo kwanza. Ni kitu kizuri cha kuwa nacho. Milioni hamna. Na ile ya 40 ya Kibaki ilitolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Wengi wetu tunayo droo.

Sasa sheria, maana mjomba wako ametoka kwenye nchi yenye utaratibu mwingine. Kwetu kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Inasema kitu cha kale ni chochote cha kuhamishika, ukiacha vitabu na hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kikiwa ardhini, ni mali ya serikali, hata kama shamba ni lako na hati unayo mkononi. Kuvitafuta kwa makusudi kunataka leseni, na leseni hizo ni za watafiti.

Hapo ndipo Nairobi inapokuwa na mzaha wake. Reli ilifika hapa Mei 1899. Mji wenyewe ni mdogo kuliko mstari uliochorwa na sheria! Karibu kila sarafu iliyowahi kumdondoka mtu mjini hapa ilimdondoka baada ya 1895. Tuseme kuna rupia ya Victoria ya mwaka 1880, ilikuwa kwenye kibindo cha kibarua wa Punjab aliyeshuka Mombasa 1897. Ni kongwe kuliko Nairobi, lakini iliingia nchini baada ya mstari. Ila jaribu kumweleza hivyo afisa aliyekukuta umechutama na shimo mbele yako.

Kwa hiyo ukipata ruhusa ya mwenye ploti kwa maandishi, utakutana na nini? Paisa za shaba za miaka ya 1897 hadi 1899, na rupia ikiwa umeamka na bahati, kwa kuwa vibarua wa reli walilipwa kwa rupia. Senti za tundu za East Africa and Uganda Protectorates. Halafu shilingi za simba kuanzia 1921, ambazo hadi 1946 zilikuwa robo fedha na robo tatu metali nyingine. Na zetu za Kenyatta kuanzia 1966, hizo utazichoka.

Kando ya reli usiende. Ardhi ile ina mwenyewe, na tangu 2022 serikali iliposimamisha biashara ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa vyuma vya umeme na vya reli, mtu mwenye mashine ya kutafuta metali karibu na mataruma hana maelezo yatakayosikilizwa. Ukitaka reli, nenda Makumbusho ya Reli hapo nyuma ya stesheni.

Gede. Hapa naomba unisikilize. Gede ni mahali palipohifadhiwa, na tangu 2024 pamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ukiingia na mashine alfajiri, metali ya kwanza utakayoigusa ni pingu. Lakini hata pingu zisingekuwepo ningekuambia usiende, na sababu yangu ni hii. Sarafu za kale za pwani yetu, za Kilwa kwa mfano, hazina mwaka. Zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zina vina. Ushairi, kwenye shaba ndogo kuliko hiyo senti yako! Lakini mwaka hakuna. Umri wake unautoa wapi? Kwenye tabaka la udongo ilimolala na vitu vilivyolala nayo.

Mwaka 1984 wachimbaji waliokuwa Mtambwe Mkuu, Pemba, walikuta akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, zenye majina ya watawala wa huku kwetu ambao wengine hawakuwa wanajulikana popote. Pamoja nazo zilikuwa dinari chache za dhahabu kutoka mbali, za Wafatimi waliotawala Misri zikiwemo. Dinari zina tarehe. Fedha hazina. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, dhahabu ikazitolea fedha ushahidi, na wataalamu wakaweza kusema tuko karne ya 11. Karne ya 11, watu wa Pemba wanapiga sarafu zao wenyewe za fedha! Sasa mpeleke hapo kijana mwenye Garrett usiku. Dhahabu inakwenda kwa sonara inayeyushwa iwe pete. Fedha anaziuza kwa uzito kwa mtu asiyeuliza. Watawala wale wanabaki majina tu, hata leo tungekuwa tunakisia waliishi lini. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia, wala si suala la nani amepata pesa.

Sarafu ya Kichina uliyoisikia ni hivyohivyo. Ilitoka kisiwa cha Manda, Lamu, 2013, kwenye uchimbaji ulioongozwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams. Ina tundu la mraba na jina la utawala wa Yongle, mwanzoni mwa karne ya 15. Nyingine ya Yongle ilichimbwa Mambrui 2010. Ukitaka kununua sarafu ya Yongle leo hushindwi, zimejaa duniani. Ya Manda ina maana kwa sababu ilitoka Manda na kuna watu walioandika ilitoka shimo gani, tabaka gani. Ungeniletea mimi mezani imefungwa kwenye leso, ningekuambia ni sarafu ya Kichina, kwaheri.

Mwisho, siri yangu. Mimi sijawahi kumiliki detekta, na kabati langu limejaa. Sarafu za Nairobi haziko ardhini, ziko kwenye makopo. Kopo la Kimbo juu ya kabati la bibi aliyekuwa akiuza mboga soko la Burma. Droo ya cherehani ya fundi mstaafu, chini ya vifungo. Walipokuwa wakibomoa nyumba fulani za zamani Shauri Moyo nilikwenda kuwatazama mafundi wa paa, na kwenye msumari mmoja wa bati badala ya kile kiduara cha washa kulikuwa na senti kumi ya 1942. Nyundo imeikunja ukingo, kutu ya msumari imetia rangi kuzunguka tundu, lakini pembe za ndovu zinaonekana. Nilimpa yule kijana pesa ya chai, akanicheka. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Na tafadhali usiisugue hiyo yako kwa jivu na ndimu. Loweka kwenye maji safi, badilisha maji kesho yake, iache ikauke kivulini.

Mtaita_Mjini

Niongeze moja kabla hujasikia habari za kwetu ukapanga safari. Mimi ni wa Mwatate, nakaa Umoja. Kila likizo nikienda nyumbani nakutana na mgeni kutoka Nairobi aliyeambiwa kuna dhahabu ya Mjerumani Salaita au Maktau. Ni kweli vita vya kwanza vilipiganwa huko. Tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walipanda Salaita wakidhani ni kazi ya asubuhi moja, wakafurushwa na askari Waafrika waliokuwa upande wa Mjerumani. Ardhi ya pale imejaa maganda ya risasi, vifungo, makopo ya nyama, seng'enge.

Imejaa pia vitu ambavyo havikulipuka. Detekta haijui kutofautisha sarafu na fyuzi ya mzinga, zote zinalia. Wazee wetu walitufundisha tukiwa tunachunga mbuzi: ukikuta chuma kizito chenye umbo la chupa, rudi ulikotoka na umwambie chifu.

Na hiyo dhahabu? Sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye ndovu zilipigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, mwaka 1916. Taveta Wajerumani waliiacha Machi mwaka huohuo wakarudi nyuma. Mtu atuambie nani alibeba dhahabu kutoka Tabora akaivusha majeshi ya Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, ili aje kuizika kwetu chini ya mbuyu. Lakini kila mwaka kuna mtu anauza ramani.

Mzito_Kayole

Bi Sarafu, basi hiyo ya 1942 yenye tundu la msumari si imeharibika? Unaikatia bei gani?

Bi_Sarafu_Pangani

Haiuzwi, Mzito.

Wa_Ngara

Nashukuru nyote, na Bi Sarafu hasa, umenipa shule ya bure. Gede basi, nitalipa kiingilio nitembee na familia. Mtaita, nimekusikia.

Lakini nimebaki na jambo moja. Shamba la shosho pale Kabete halipo mbali na mahali wazee wanapopaita Fort Smith. Jumapili iliyopita nilipunguza ukali wa mashine jinsi Fundi alivyoelekeza, makelele yakapungua kweli. Nyuma ya zizi kukabaki sauti moja, ile nyembamba isiyoyumba. Shosho amesema nichimbe nikipenda, ila nisiguse mizizi ya parachichi. Sijachimba. Ni shamba letu, yeye mwenyewe ameruhusu.

Bi_Sarafu_Pangani

Fort Smith, mwanangu? Hapo ndipo mzaha wa Nairobi unapoishia. Ile ngome ilijengwa na Kampuni ya Imperial British East Africa mwanzoni mwa miaka ya 1890, baada ya ile ya Dagoretti kuteketezwa. Ni kabla ya mstari wa 1895. Misafara ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilipumzika hapo na kununua chakula, na Kampuni ilikuwa na sarafu zake za 1888, zenye jina la Mombasa, za shaba zina mizani na maandishi ya Kiarabu. Sisemi iko nyuma ya zizi. Nasema mahali penyewe panaweza kuwa nayo, na ikiwepo si yako wala si ya shosho, ruhusa yake inahusu parachichi tu.

Weka kijiti hapo. Piga picha ukionyesha zizi na mti. Kisha pita Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, ni karibu na kwako, uwaeleze shamba liko wapi. Na kama siku moja jembe la shosho litaitoa lenyewe wakati wa kupanda mahindi, sheria inakutaka utoe taarifa ndani ya siku saba, useme hasa kilikuwa wapi. Usikioshe. Udongo ulioshikamana nacho nao unasomwa.

Fundi_Luthuli

Kabla hamjamwita profesa, nyuma ya zizi mara nyingi ni bomba la dawa ya ng'ombe au kifuniko cha mtungi wa maziwa. Alumini, inalia hivyohivyo. Pitisha koili juu yake kwa njia ya msalaba, kisha inua sentimita kumi kumi. Sarafu inapotea haraka ukiinua. Kikiendelea kulia hadi usawa wa goti, ni kitu kikubwa, mwache shosho apande mahindi yake.

Halafu niletee hiyo mashine Jumamosi kabla ya saa nane niangalie waya wa koili. Njoo na betri zako, za hapa dukani nauza.